Nyumba Ambayo Haikuandikwa

Jumatatu, 3 Machi

Kazi yangu ya msimu huu, hapa ofisi ya mji, ni mteremko mmoja wa Kimisagara. Nyumba arobaini na sita zinatakiwa ziwe tupu kabla mvua za masika, itumba, hazijakolea na udongo kuporomoka, na mimi ndiye nitakayepita mlango kwa mlango kuwaambia wenyewe. Benon, mhandisi wetu, alipima mwinuko na udongo mwezi uliopita, akachora mstari mwekundu kwenye ramani. Walio juu ya mstari wanahama, tunawatafutia vyumba vya kupanga. Walio chini wanabaki. Orodha imeshatiwa saini na kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mudugudu, yaani mtaa, kila mtu ameisoma.

Asubuhi mkuu wetu wa kazi aliniita. "Winifred, ramani haioni kila kitu," alisema. "Ukikuta nyumba ina shida, iandike wewe mwenyewe kwa muda, watu watoke. Mhandisi atakuja kuhakikisha baadaye."

Nikasema sawa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyojifunzia kushika kalamu, shuleni Karagwe, kabla wazazi hawajaturudisha nyumbani. Kinyarwanda changu ni cha kusema tu.

Mvua: hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Nimekutana na Mzee Maneno, mwenyekiti wa kamati ya maafa ya mteremko. Ni fundi cherehani, wa kujitolea kama wenzake sita. Mashine yake iko barazani, chini kabisa ya kilima. Alizaliwa Rwezamenyo, mtaa wa jirani, babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka Tabora, na Kiswahili chake kinanitia aibu. Juu ya paa amefunga chombo cha kupimia mvua tulichompa. Shingoni ana utepe wa kupimia nguo na filimbi, vyote pamoja.

Mpango tumeurudia mara mbili. Mvua kubwa ikinyesha nusu saa bila kupumzika, anapiga filimbi. Wenzake wanagonga milango. Watu wanateremka hadi ukumbi wa kituo cha vijana na kujiandikisha mlangoni, ili tujue nani hajafika.

Nikamuuliza kama watu wanatii.

"Wakiniona nimelowa, wanatii," alisema. "Nikiwapigia filimbi nikiwa mkavu, wananicheka."

Mvua: milimita 4.

Jumatano, 5 Machi

Familia tisa zimekubali. Nyumba ya kumi ni ya Mzee Kubwimana, miaka sabini na minane, anayeishi peke yake karibu na kilele. Alinipa kigoda, yeye akasimama.

"Muzehe, nyumba yako iko kwenye orodha," nilimwambia.

"Orodha iliandika nani?"

"Mhandisi."

"Yeye alijenga nyumba ngapi hapa?"

Aligonga ukuta kwa kiganja.

"Mimi iko hapa miaka arobaini," alisema. "Kila tofali nilibeba mimi. Mke wangu alifia chumba hii. Mvua inakuja, inaenda. Mimi iko."

Nilimwambia nitarudi. Akasema kurudi ni ruhusa.

Alhamisi, 6 Machi

Familia sita. Miguu inauma.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua: 11. Kwa Kubwimana tena. Amenipa ndizi mbivu na hapana.

Jumatano, 12 Machi

Leo Mzee Maneno alinichukua kwa mkono, kweli kwa mkono, akanipeleka kwenye nyumba ambayo haiko kwenye orodha. Iko chini ya mstari kwa hatua kumi hivi. Wanaishi hapo Aidah na mumewe Usumani, anayeuza vitambaa kwenye duka la mtu huko Muhima, na binti yao Umuhoza wa miaka saba. Aidah ana miaka kama thelathini, mwepesi wa kucheka. Mwezi huu wa Ramadhani anapika sambusa na kuziuza kwa majirani saa ya kufuturu.

Jiko lake liko nyuma, limebanwa kwenye ukingo wa udongo uliochongwa. Chini ya ukuta maji yalikuwa yanatoka. Si mengi. Yanatiririka pole pole kama bomba lisilofungwa vizuri, nayo yana rangi ya chai ya maziwa. Hapajanyesha tangu juzi. Aidah ameweka matambara na karai.

"Haya maji mwaka jana hayakuwapo," Mzee Maneno alisema. "Madamu, andika nyumba hii."

Nilimjibu kwamba iko chini ya mstari, na kwamba Alhamisi ijayo nitamleta Benon aitazame.

"Alhamisi ijayo ni siku nane."

"Najua, mzee."

Aidah alinifungia sambusa nne kwenye karatasi. "Wewe hufungi, dada," alisema, "kula zikiwa moto."

Sasa niseme ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Ningeweza kuiandika leo. Ruhusa ninayo. Lakini nikiandika nyumba moja chini ya mstari, majirani zake kumi watakuja kuniuliza habari ya nyumba zao, na zile arobaini na sita sijazimaliza. Na Benon ataona nimemsahihisha mbele ya watu. Siku nane si nyingi.

Mvua: hakuna.

Ijumaa, 14 Machi

Familia thelathini na mbili zimeshahama. Mkuu ametusifu kwenye mkutano.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua: 19. Nilipita kwa Aidah. Maji bado yapo. "Yamenizoea," alisema. Anayatumia kuoshea miguu mtoto akirudi shule.

Kubwimana alinionyesha picha ya harusi yake. Bado hapana.

Alhamisi, 20 Machi

Benon hakuja. Tangu asubuhi mvua ilikuwa kubwa huko juu, mto ukajaa, maji yakaingia kwenye maduka ya upande wa Muhima. Wote tuliitwa. Nimeshinda ndani ya maji ya magoti nikisaidia wafanyabiashara kutoa mizigo. Hakuna aliyekufa. Tulirudi ofisini tunanuka matope, tukacheka sana kwa uchovu.

Benon alisema ataona kama wiki ijayo ana nafasi. Nikamwambia hakuna haraka.

Nimelitazama neno hilo baada ya kuliandika. Ndivyo nilivyosema.

Mvua: 31.

Jumamosi, 22 Machi

Nilipita kwa Aidah mara ya tatu. Makarai sasa ni mawili. Mzee Maneno alikuwa barazani kwake akishona kanzu za Idi. Nilipomsalimia aliitikia bila kuinua macho kwenye sindano. Nilimwambia Benon amepata nafasi, anakuja Ijumaa ijayo.

"Sawa, madamu," alisema. Siku za karibuni alikuwa ameanza kuniita binti yangu.

Jumatatu, 24 Machi

Kubwimana amekubali. Sijui kilichombadilisha. Nilipofika alikuwa ameshafunga godoro na picha, amekaa juu yake mlangoni. Vijana wa kamati walibeba vitu vyake, havikujaza hata mkokoteni. Alifunga mlango kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni, ingawa alijua nyumba itabomolewa.

"Wewe ulikuja mara saba," aliniambia. "Mtoto wangu hakuja mara saba."

Nilirudi nyumbani nikijisikia mtu wa maana. Arobaini na sita kati ya arobaini na sita.

Mvua: 8.

Alhamisi, 27 Machi

Aidah amekufa.

Nitaandika ilivyokuwa, nisije nikaigeuza baadaye.

Mvua ilianza saa saba na nusu mchana. Nilikuwa ofisini. Saa nane Mzee Maneno alipiga filimbi, kama tulivyopanga. Nusu saa ilikuwa imetimia na chombo chake kilikuwa kimepita milimita arobaini. Watu wa upande wa chini walianza kuteremka kwenda ukumbini, si wote. Wengine walisema nyumba za hatari zimeshahamishwa, sisi tuna nini?

Aidah alikuwa jikoni. Unga wa sambusa ulikuwa tayari, mafuta yalikuwa motoni. Mwenzake Maneno aligonga mlango. Aidah akaitikia kwamba anamaliza karai hili moja, anakuja. Umuhoza alikuwa shuleni. Usumani alikuwa dukani.

Saa nane na dakika ishirini simu yangu iliita.

"Ukingo wa Aidah umeshuka," Mzee Maneno alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Yumo ndani."

Nilifika pamoja na gari la uokoaji. Mbele ya nyumba kulikuwa kama kawaida, mlango wa bluu, viatu vya mtoto kwenye kizingiti. Nyuma hapakuwa na kitu. Kilima chote kilikuwa kimeingia jikoni. Watu walikuwa wanachimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Mzee Maneno alikuwa katikati yao, utepe wa kupimia bado shingoni, anachimba na miaka yake sitini na tatu. Nilichukua beleshi nikasimama kando yake. Hakunitazama, lakini alisogea kunipa nafasi.

Waokoaji walitukataza tusipige kelele ili wasikie. Tulinyamaza wote, watu mia moja chini ya mvua. Mara tatu walitunyamazisha hivyo. Mara ya tatu hawakusikia kitu, wakatuambia tuendelee polepole.

Usumani alifika saa tisa na nusu, mbio kutoka Muhima, shati jeupe la dukani. Alianza kuchimba upande ambao jiko la mkaa lilikuwa. Alijua mahali mkewe alipokuwa akisimama, na kweli alikuwa hapo.

Tulimtoa saa kumi na robo. Mkono wake mmoja ulikuwa mbele ya uso. Wanawake walileta kitenge. Usumani alipiga magoti akamfuta tope kwenye nyusi, kwanza moja, kisha nyingine, kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu aliye na muda.

Ndipo mtu akakumbuka kwamba mtoto anatoka shule saa kumi na moja. Mzee Maneno alinawa mikono kwenye maji ya mfereji na kuteremka kwenda kumpokea njiani. Hakutaka mtu wa kumsindikiza.

Mvua: 67.

Ijumaa, 28 Machi

Amezikwa leo baada ya sala ya Ijumaa. Nilisimama nje na wanawake. Hakuna aliyenisema. Mama mmoja alinipa mtandio wake wa pili nijifunike kichwa, akanifunga mwenyewe chini ya kidevu.

Benon alikuwapo. Leo ndiyo siku aliyokuwa aje kuitazama nyumba.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Wakazi wote wametoka kuzibua mifereji na kuondoa udongo. Mzee Kubwimana alikuja kutoka kwenye chumba chake kipya, safari ya saa nzima, na jembe begani. Nyumba yake ilikuwa bado haijabomolewa. Imesimama juu kule, kavu, haina hata ufa.

Alinijia.

"Nyumba yangu iko," alisema. "Ya huyu mtoto imeanguka. Mlipima nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua. Nilimwambia sijui, na sikuwa nasema kweli.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Nimesikia takbira tangu alfajiri. Sikutoka.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tulikaa kuchunguza ilivyotokea. Mkuu, Benon, waokoaji, viongozi wa mtaa, Mzee Maneno. Kila mmoja alieleza saa zake. Filimbi ilipigwa kwa wakati. Gari lilifika haraka. Watu mia mbili na kumi walijiandikisha ukumbini. Kila kitu kilionekana kimefanyika sawasawa, na mwandishi wa kikao alikuwa ameanza kuandika kwamba eneo lile halikuwa na dalili yoyote iliyojulikana.

Nilimtazama Mzee Maneno. Alikuwa na haki ya kusema, na hakusema. Alikuwa anaangalia mikono yake, kucha zake bado zina udongo. Nikaelewa kwamba ananiachia.

Nikasema, "Dalili ilijulikana. Tarehe kumi na mbili nilionyeshwa maji. Mzee Maneno aliniomba niiandike nyumba. Nilikuwa na ruhusa, sikuiandika."

Mkuu aliuliza kwa nini.

Nikawaambia kama nilivyoandika humu: majirani kumi, mstari wa Benon, siku nane. Kwa sauti, mbele ya watu, sababu hizo zilikuwa ndogo mno hata niliona haya kuzimaliza.

Benon alisema, "Ungenipigia simu uniambie ni haraka, Winifred. Ningekuja hata kwa miguu." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimehofia kiburi chake mwezi mzima, na kumbe sikuwahi kukijaribu.

Nimepewa onyo la maandishi. Sikuondolewa kazini, maana hakuna mwingine anayeujua mteremko. Kuanzia leo Mzee Maneno na kamati yake wataandika wenyewe nyumba yoyote wanayoitilia shaka, na watu watatoka siku hiyo hiyo, mhandisi afuate nyuma. Wameandika kumi na moja kabla ya jua kuzama.

Wiki ya 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya waliouawa mwaka 1994. Mji umenyamaza. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua: 38. Nyumba ya Kubwimana imebomolewa. Alikuja kuangalia. Matofali mazima aliyapanga pembeni, moja moja, mpaka nikamwambia gari litamrudisha. Akauliza kama anaweza kupeleka matofali mawili chumbani kwake. Gari liliyapeleka yote mawili.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua: 52. Filimbi saa nne asubuhi. Safari hii mteremko mzima uliteremka, wazee, watoto wa mgongoni, mtu na mbuzi wake. Saa tano nyumba mbili kati ya zile kumi na moja zilianguka. Zilikuwa tupu tangu tarehe mbili.

Nilikuwa mlangoni mwa ukumbi nikiandika majina. Wenye nyumba hizo walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakula mkate. Nilipowapa habari, mama mmoja alilia, kisha akacheka, kisha akaniuliza kama sufuria zake zinaweza kuchimbuliwa.

Nilifikiri nitafurahi. Nilihesabu watu sita waliokuwa wanaishi mle, wote wapo, na kila nilipofika sita niliona sambusa kwenye karatasi.

Jumamosi, 3 Mei

Mzee Maneno amenishonea kanga yangu iliyochanika. Sikumwomba, aliiona tu. Alipomaliza alisema, "Nenda kwa Usumani."

"Nikamwambie nini?"

"Ulichowaambia wakubwa. Yeye hakuwapo kwenye kikao."

Jumanne, 13 Mei

Mvua: 3. Sijaenda.

Jumatatu, 19 Mei

Nilifika mpaka msikitini Rwezamenyo, nikarudi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda.

Usumani anaishi kwa mama yake sasa, chumba cha nyuma ya uwanja mdogo. Amekonda. Umuhoza alikuwa anafanya kazi ya shule sakafuni. Bibi yake alimwita nyuma ya pazia bila kuambiwa.

Nilimweleza yote. Maji, tarehe, ruhusa, Benon, hakuna haraka. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe.

Nilipomaliza alisema, "Najua. Mzee Maneno alinieleza tulipomsomea Aidah arobaini."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Nije kufanya nini?"

Kisha akaweka kikombe chini.

"Kuna kitu Mzee Maneno hakijui," alisema. "Siku ile ulipopita mara ya mwisho, yeye alikuja jioni. Akasema, Usumani, mimi sina kalamu ya serikali, lakini mtoe mkeo, aje hapa kwa mama mpaka mvua ziishe. Mimi nilikubali. Nilianza hata kufunga nguo za mtoto."

Aliendelea kwa sauti ya chini, mtoto asisikie.

"Aidah ndiye aliyekataa. Alisema mama ana chumba kimoja, tutambana bure. Nikamwambia, na maji je? Akasema, yule dada wa mji amekuja mara tatu. Ameinama, ameyaona kwa macho yake, ameyagusa. Kungekuwa na hatari angetuandika."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichosahau nyumbani kwake.

"Alikuamini," alisema. "Nami nikazifungua zile nguo nikazirudisha kwenye sanduku. Kwa hiyo usije hapa ukafikiri uko peke yako."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeliandaa neno hilo wiki tatu, na lilipofika mdomoni niliona ningekuwa namwomba anifanyie kazi moja zaidi. Nyuma ya pazia, Umuhoza alikuwa anasoma kwa sauti hesabu za kutoa, na bibi yake, ambaye sidhani alisoma, alikuwa anamwambia vizuri, vizuri, kila jibu.

Adhana ya alasiri ilipoanza Usumani alisimama. Aliniambia niende salama, akachukua birika la kutawadhia akatoka uani. Nilikaa kitambo nikisikia maji yanavyomiminika, mikono, uso, miguu. Kisha bibi akaja akanifungulia mlango.